Tisa ya Mama Emelyne

Nianze na tabia yake, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wazima walikaa chini ya bati la ghala kule Inyonga wakamhukumu Mzee Luhende kwa namba moja tu. Capitoline, mama Emelyne, hamwamini mtu. Ukimwambia basi linatoka saa mbili, atamuuliza konda, halafu dereva, halafu atafika saa moja akae na kapu lake mbele ya tairi. Mimi Rabia, wengi huniita Mama Zuhra, mwenye duka la asali na nafaka hapa Mpanda, nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na mpaka leo akinipigia simu kwa namba ngeni lazima kwanza nimwambie siku ya mwisho tulipoonana alikuwa amebeba nini. Nami namjibu. Nifanyeje?

Siwezi kumcheka sana, maana na mimi ni walewale. Mzani wangu mwenyewe naupima kila asubuhi kwa jiwe ninalolijua, na jiwe nalificha. Marehemu mume wangu, Abdillah, alikuwa akisema nikifika peponi nitaomba kwanza kuona kibali cha mlinzi. Labda ndiyo sababu tulipatana, mimi na huyu mama: kila mmoja alimwona mwenzake ana akili timamu.

Yeye ndiye mtunza ghala wa kikundi cha wafuga nyuki, wanachama tisini na kitu. Ndoo ya asali ikishapimwa anaipa namba, na namba hiyo haiandiki kwa kalamu, kwa sababu kalamu inafutika. Anapasha msumari kwenye mkaa, anaushika kwa koleo, anachoma tarakimu mojamoja kwenye mfuniko wa plastiki mpaka ghala zima linanuka. Tarakimu kumi. Mbili za mwaka, moja ya kijiji, tatu za mfugaji, tatu za ndoo katika mzigo, halafu ile ya mwisho. Majina hayataki kabisa. Anasema majina yanafanana na watu wanayabadili wakitaka.

Ile tarakimu ya mwisho ndiyo iliyokuwa siri yake, na mimi nilikaa miaka sita ndipo akaniambia, tena baada ya kufunga mlango. Chukua namba yoyote, iwe ndefu utakavyo. Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa tisa bila baki, basi na namba yenyewe inagawanyika kwa tisa, hata kama ni ya mabilioni. Kwa hiyo yeye anaandika tarakimu tisa za kwanza, anazijumlisha, kisha anatafuta ya kumi itakayofikisha jumla kwenye tisa, au kumi na nane, au ishirini na saba, au thelathini na sita. Mtu akija usiku akageuza moja kuwa nne kwa msumari wake, jumla inaharibika na mama Emelyne anamjua kabla hajakaa.

Na kweli aliwahi kumkamata mtu. Jamaa mmoja aligeuza tarakimu moja ili ndoo ya mwenzake iwe yake, na kazi yake ilikuwa safi, huwezi kuona. Mama Emelyne alisimama juu ya ndoo, midomo ikacheza kidogo, akasema hii imeguswa. Jamaa alikiri hapo hapo, akidhani ni uchawi. Tangu siku hiyo neno lake likawa sheria. Ndoo ikipita kwenye tisa, hakuna mjadala.

Sasa niwaambie alikoitoa hiyo tisa, maana hapo ndipo penye kidonda. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa hajaota meno ya ukubwani, wakaletwa kwenye makazi huku kwetu. Baba yake, mzee Antoni, walipofika alipewa kikaratasi chenye namba 14692. Akaonyeshwa msitu, akaukata, akang'oa visiki miezi mingi, akapanda mahindi. Mahindi yakiwa yamefika kiunoni, ikaja familia nyingine na karatasi yao, na orodha ikafunguliwa. Kwenye orodha, shamba lile lilikuwa la 14962. Baba akasema karani amekosea kunakili. Karani akasema yeye hakosei, na kwamba mzee ndiye aliyechezea kikaratasi chake ili ale shamba la watu. Wakatolewa shambani kabla ya kuvuna, na mzee Antoni akaitwa mwongo mbele ya foleni nzima, na binti yake amemshika shati.

Miaka mitano baadaye, shuleni, Mwalimu Leonidas akawafundisha tisa. Akawaambia ukinakili namba ukakosea, mabaki ya tisa hayatalingana, na hapo utajua. Binti alikimbia nyumbani. Kikaratasi cha baba yake alikijua kwa moyo, na ile namba ya orodha pia, maana nyumbani kwao zilitajwa kila siku kama majina ya wafu. Akajumlisha ya kwanza: ishirini na mbili, toa tisa mbili, baki nne. Akajumlisha ya pili: ishirini na mbili, baki nne. Zimelingana. Mtoto wa miaka kumi na mbili akakaa chini akafikiri hivi: kosa la karani lingeonekana kwenye tisa, hili halionekani, basi halikuwa kosa. Kama halikuwa kosa, kuna aliyebadili kwa makusudi, na aliyekuwa na kikaratasi mkononi ni baba.

Hakumwambia mtu. Alinieleza mimi mwaka juzi tukiwa tunachuja asali, kwa sauti ileile anayotumia kusema chumvi imekwisha. Akasema kama baba aliyemzaa aliweza kumdanganya akimtazama machoni, basi wengine wote ni wa kukaguliwa tu. Nilimwonea huruma, nikasema pole, na yeye akaniuliza pole ya nini.

Haya, tuje kwenye ndoo.

Mzigo wa mwaka 2024 ulinifikia ndoo sitini. Nilifungua ya kumi na saba, nikaonja, nikatema. Sukari. Sukari iliyochemshwa na maji ikamwagiwa asali kidogo juu ili inuke vizuri. Mimi ulimi wangu haudanganyiki, na hasira zangu mnazijua. Nikasoma mfuniko: 2460380175. Nikapiga simu Inyonga nikamtajia mama Emelyne tarakimu mojamoja, na kama mnavyomjua, akanirudishia zote.

Nikamsikia anajumlisha. Mbili na nne, sita. Sita nyingine, kumi na mbili. Tatu, kumi na tano. Nane, ishirini na tatu. Moja, ishirini na nne. Saba, thelathini na moja. Tano, thelathini na sita. Bilioni mbili na milioni mia nne sitini na ushee, na ukiigawa kwa tisa haibaki hata punje. Akasema haijaguswa. Mfugaji 038 ni Mzee Luhende.

Luhende ni Mkonongo wa hapohapo, ana miaka sitini na saba, na hajawahi kufanya kazi nyingine zaidi ya nyuki. Mizinga yake mia moja na ishirini imo kwenye msitu wa kikundi. Walimwita kikaoni akasema ndoo hiyo si yake, yeye alipeleka nne. Daftari la namba likasema tano. Maiko, anayeshika mzani, akasema hata vijiti vyake vya kuhesabia, kimoja kwa kila ndoo, vinaonyesha nne, lakini Maiko ameoa binti wa Luhende, basi nani atamsikiliza? Wakamgeukia mama Emelyne. Akasema namba imepita kwenye kipimo chake, na kama namba haina kosa, mwenye kosa ni mtu. Wakaamua: Luhende atoke kwenye kikundi, na mpaka Jumamosi ya wiki ya pili awe ameshusha mizinga yake yote. Mtu wa umri ule, mizinga mia moja na ishirini, aipeleke wapi? Wapo walioanza kunong'ona mambo ya Wakonongo na Warundi, na wengine wakanong'ona kwamba Luhende amekuwa akitia sukari miaka yote. Mimi nilikuwa kwenye hao wa pili, sifichi.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, Luhende akaja dukani kwangu Mpanda kwa basi la asubuhi. Nilipomwona nikamwita kijana wa duka la jirani asogee karibu, maana nilijua kaja kugomba. Hakugomba. Aliomba kuiona ndoo. Nikamwambia aione akiwa amesimama mbali. Akaitazama, akasema kwa upole, "Mama Zuhra, mimi nilipeleka nne. Wewe ni mtu wa kuhesabu. Nihesabie."

Nikamwambia sina muda. Akasema atasubiri. Akakaa kwenye gunia la mahindi, akasubiri kweli, saa nzima, bila kuomba hata maji. Kilichoniudhi ni hicho. Mwongo huwa anaongea.

Nikatoa orodha ya mzigo, nikaanza. Za 038 ni tano kweli: ya kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Nikafikiri, kama mzee anasema kweli na moja imezidi kwake, basi imepungua kwa mtu mwingine, maana ndoo hazizaliani. Nikampigia Maiko, nikamwambia asinieleze mambo ya mkwe wake, anisomee vijiti vyote. Akanisomea. Wote walilingana na orodha yangu isipokuwa wawili. Luhende, vijiti vinne, orodha tano. Mfugaji 083, vijiti vitano, orodha nne, ya kumi na nane hadi ya ishirini na moja.

083 ni Dieudonne. Mdogo wake mama Emelyne, tumbo moja.

Sasa niambieni nyie. Dieudonne ninayemjua mimi, akipungukiwa kijiko cha asali anapiga kelele mpaka kwa mtendaji. Amepungukiwa ndoo nzima ya lita ishirini, na mwezi mzima umepita, na yuko kimya. Nikamtazama Luhende pale kwenye gunia, nikamletea maji mwenyewe.

Lakini bado kulikuwa na ile tisa. Kama mfuniko ulikuwa na kosa, mbona umepita? Nikaandika namba mbili kwenye karatasi ya kufungia: ile iliyochomwa, 2460380175, na ile iliyopaswa kuchomwa kama ndoo ni ya Dieudonne, 2460830175. Nikatoa ndogo kwenye kubwa. Laki nne na nusu kamili. Na hapo Abdillah akanijia, Mungu amrehemu, amesimama stoo na penseli sikioni. Kila tulipohesabu magunia na kilo zikagoma, aliangalia tofauti. Ikigawanyika kwa tisa, alisema, usitafute mwizi, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Thelathini na nane ukiiandika themanini na tatu, tofauti ni arobaini na tano. Kumi na mbili ukiiandika ishirini na moja, ni tisa. Siku zote ni tisa, au tisa nyingi. Laki nne na nusu ni tisa mara elfu hamsini.

Mimi nilikuwa naijua hiyo miaka thelathini. Yeye alikuwa na yake miaka zaidi ya arobaini. Kitu kimoja, kila mtu kakishika upande wake, na hatujawahi kuviweka mezani pamoja. Tisa haiwezi kuona tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu jumla ni ileile, upange unavyotaka.

Alhamisi nikapanda basi la Inyonga. Njia nzima nilikuwa nawaza mabaya. Je, kama alijua? Dada anamficha mdogo wake, anamtupia mzee wa watu, kisha anasimama kikaoni na uso mkavu. Nilishuka nikiwa nimeshamhukumu, kusema kweli.

Na yeye alinipokea hivyohivyo. Nilipomweleza nimekuja kwa ajili ya Luhende, akauliza mzee amenipa nini. Nikamwambia amenipa saa moja ya kukaa kimya kwenye gunia langu. Nikamwekea vijiti vya Maiko, nikamwekea ukimya wa Dieudonne, vyote akavisukuma pembeni. Akasema watu wanasema mengi, yeye anasikiliza namba.

Basi nikampa namba. Nikamwambia ajumlishe ile yenye 038. Thelathini na sita. Ajumlishe yenye 083. Thelathini na sita. Akajumlisha tena, kuanzia mwisho kuja mwanzo. Nikamwambia aandike yoyote anayotaka, abadilishe tarakimu mbili zozote. Aliandika namba kama nane hivi, kila mara akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayezigeuza. Kila mara jumla ilikuwa ileile. Nikamkumbusha ndoo ya kumi na tatu hadi kumi na sita zilikuwa za Luhende, mkono ulikuwa umezoea 038, ukaendelea nayo kwenye ya kumi na saba. Akasema Dieudonne alikuwa amesimama hapo, anaangalia msumari. Nilijua hapo kwamba hakuwa amejua kitu, maana uso ule hauigizwi.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kukunja karatasi. Akanishika mkono, akachukua penseli, akaandika chini kabisa, polepole, 14692. Pembeni yake 14962.

Hakuhitaji kujumlisha. Alitoa ndogo kwenye kubwa, akapata mia mbili sabini, akagawa kwa tisa, thelathini. Akaifuta, akarudia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa na nilitamani niwe nimebaki dukani kwangu. Sita na tisa zimebadilishana nafasi. Kosa lilelile la kila siku, la mkono wa karani aliyechoka, na ni kosa hilohilo ambalo tisa haiwezi kulikamata hata ungejumlisha mpaka kiama.

Alikunja karatasi akaitia kifuani, akaniambia nilale kwake, Jumamosi ana kazi.

Jumamosi walijaa. Luhende alikuwa ameshashusha mizinga kumi na nne, mikono imechubuka. Mama Emelyne alisimama kabla mwenyekiti hajafungua kikao, na mfuniko mkononi. Aliwaeleza yote, na hakumruka mdogo wake. Alisema ndoo ni ya 083, na 083 ni Dieudonne, mtoto wa mama yake mwenyewe. Dieudonne alitazama chini, halafu akasema nyuki walihama kiangazi na yeye alishaahidi ndoo tano. Aliona msumari ukikosea, akanyamaza. Walimsimamisha misimu miwili. Wapo waliosema hapohapo kwamba dada alijua tangu mwanzo na ameumbuka tu. Yeye alimgeukia Luhende.

"Mzee, nilichoma namba yako kwenye ndoo ya mtu mwingine, halafu nikakuita mwongo kwa namba hiyohiyo. Wewe ulikuwa unasema kweli."

Luhende aliuliza jambo moja tu, kama mizinga ibaki au iendelee kushuka. Mwenyekiti akasema ibaki, na ile kumi na nne kikundi kizima kitaipandisha kesho. Mzee akachukua kofia yake akaenda msituni. Hakumpa mama Emelyne mkono, na mimi simlaumu.

Siku hizi kila mfuniko una namba na jina, na mwenye ndoo anasimama pale, anasomewa tarakimu mojamoja kabla msumari haujapoa. Akikataa, inarudiwa. Luhende anaongeza alama ya ukoo wake kwa kisu, hakuna anayemzuia.

Jioni ile ya Jumamosi tulikaa kwake, mlango wazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alitoa kikaratasi cha baba yake kutoka kwenye kopo la dawa, kimekuwa cheusi kwenye mikunjo. Akaniambia mzee Antoni alifariki mwaka tisini na nane, baada ya kuumwa wiki tatu, na kwamba siku ya mwisho alimwita yeye peke yake.

"Aliniambia, mwanangu, ile namba sikuigusa," akasema. "Nikamwambia, lala, baba."

Akakilaza kikaratasi kwenye meza, akakinyoosha kwa kiganja, akaniomba niirudie ile kanuni ya Abdillah, polepole na kwa sauti. Nikairudia. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, usitafute mwizi.